Maneno Manne Yaliyokosekana

Katibu wenu, Nassra, alikuja kwangu wiki iliyopita na simu yake ameiweka mbele ya uso wangu. "Bi Mize, sema tu, nnakurikodi," akasema. Nikamwambia aizime. Sauti yangu niliimaliza nyuma ya pazia, na hii kidogo iliyobaki naitumia kumwita paka na kujibizana na muuza samaki. Nikamwambia nitaandika. Basi naandika, wanangu, mara hii moja. Mwakani mkija tena kuniuliza, nitakuonyesheni karatasi hizi hizi na kurudi kulala.

Mnataka asili ya Chama cha Heshima. Kile kijikaratasi mnachogawa siku ya kuwavisha wanachama wapya nimekisoma. Kinasema chama "kiliasisiwa na walimu wenye maono ili kuenzi vipaji vya vijana wa maigizo." Nilicheka mpaka nikakohoa. Mwalimu mwenye maono alikuwa mmoja tu, na jicho lake la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho. Wa pili nilikuwa mimi, na siku ambayo chama kilizaliwa miguu ilikuwa imenivimba na nilitaka kwenda nyumbani.

Kwanza mjue kwamba mimi sikuwa mwalimu wa maigizo. Niliajiriwa katika skuli hiyo hiyo mnayosoma nyinyi kufundisha ushoni. Mwalimu Khelef ndiye aliyekuwa akifundisha Kiswahili na kila mwaka akitayarisha mchezo wa kuigiza. Siku moja aliingia darasani kwangu na kanzu iliyopasuka kwapani, akasema, "Bi Mize, mfalme kachanika." Nikaishona. Wiki ya pili akaja na mfalme yule yule na mawaziri wawili. Wiki ya tatu akaniambia, maadamu nimeshakuja ukumbini, nimshikie daftari dakika mbili. Dakika mbili hizo zilikwisha nilipostaafu.

Nyinyi leo hamjui kushika daftari ni kazi gani, maana siku hizi mchezaji akisahau mnasimamisha, mnafuta, mnarikodi upya. Zamani hakukuwa na kufuta. Mshika daftari anakaa nyuma ya pazia, upande wa kulia, mchezo wote uko mapajani mwake, anaufuata kwa kidole. Mchezaji akisahau, unamtilia neno. Unamtilia lile la mwanzo tu, mengine atayavuta mwenyewe. Na usinong'one kwa pumzi, maana pumzi inapiga miruzi na ukumbi mzima utakusikia. Unasema kwa sauti ya chini kabisa, kutoka kooni, kama unavyomwambia mwenzako jambo msikitini. Ikifika jukwaani na isifike viti vya mbele, umefuzu.

Mimi sikufuzu mwaka wa kwanza. Kulikuwa na mchezo wenye hakimu, na hakimu alitakiwa anyamaze kabla ya kutoa hukumu. Aliponyamaza nikadhani kasahau. Nikamtilia neno. Akazidi kunyamaza. Nikamtilia tena, kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu aligeuka, akalikodolea macho pazia, akasema, "Nnalijua, mwalimu! Nnafikiri!" Watu walicheka mpaka mshtakiwa naye akacheka, na yule maskini alihukumiwa kifo huku anajifuta machozi ya kicheko.

Mwalimu Khelef hakunigombeza. Alikuja tukikunja nguo, akakaa juu ya sanduku, akanieleza. "Tazama macho, Bi Mize. Aliyesahau hutazama juu, kwenye mapaa. Anayenyamaza makusudi humtazama mwenzake." Kisha akasema jambo ambalo wakati ule nililiona dogo. "Wewe kazi yako ni moja. Mtu asikose neno lake na hali wewe unalo mkononi." Nikaitikia, nikaendelea kukunja.

Ngoja nikupeni na mengine, maana nikienda moja kwa moja nitafika nisikotaka kufika.

Ndevu. Tulizitengeneza kwa makumbi ya nazi, yaliyopigwa na kuchambuliwa, na tukazibandika kwa uji mzito wa unga wa ngano. Zilishika vizuri sana mpaka mtu alipoanza kutoka jasho. Mwaka mmoja, katika joto la kaskazi, baba wa bibi harusi alikaa kunywa kahawa na wakwe, ndevu zikamteremka kidogo kidogo zikaingia kikombeni. Yule mtoto alikuwa hodari. Alitazama kikombe, akasema, "Wakwe zangu, kahawa ya nyumba hii ina nywele," akaendelea. Tangu siku hiyo nikawa nazishonea ndevu kwenye kitambaa na kuzifunga kwa uzi nyuma ya masikio. Mkitaka kujua, kile kisanduku chenye ndevu bado kiko stoo ya skuli, chini ya bendera. Zipigeni jua kabla ya kuzivaa.

Na wakati. Mchezo wetu ulikuwa lazima uanze baada ya sala ya alasiri na wageni wafike majumbani kabla ya magharibi, na msikiti ulikuwa nyuma ya ukuta wa ukumbi. Mwaka mmoja Mwalimu Mkuu alitulazimisha tuanze mapema, adhana ikatukuta mtu keshauawa jukwaani. Tukasimamisha mchezo, kama ilivyo adabu. Ukumbi kimya. Na maiti wetu, aliyelelewa vizuri na mama yake, akawa anaitikia adhana polepole, midomo inacheza. Mtoto mdogo wa mbele akapiga kelele, "Mama! Maiti anaitikia adhana!" Jamaa zake marehemu walilia kilio cha kweli siku ile, kwa kuzuia kicheko.

Haya. Sasa wasichana.

Kwa miaka mingi wanawake wote katika michezo yetu walikuwa wavulana waliojifunga kanga. Mama mkwe alikuwa na sauti inayokatika, bibi harusi alikuwa na koo kubwa. Wazee hawakutaka kusikia habari ya mtoto wa kike kupanda jukwaani. Neno lao lilikuwa moja: haina heshima. Tulipeleka barua, tulikwenda majumbani, tulikunywa chai za watu. Haina heshima.

Wasichana walikuwa wanakuja kwangu tu, nyuma, kushona na kupiga pasi. Mmoja wao alikuwa Saada. Alikuwa Kidato cha Pili, mwembamba, mkono wake wa sindano mwepesi kuliko wangu. Alikuwa akishona na huku midomo inatembea. Nilidhani anasoma nyiradi. Siku moja nikamsogelea nikasikia anasema maneno ya mchezo, ya watu wote, kwa zamu, kila mmoja na sauti yake. Alikuwa hodari kuliko wote waliokuwa juu ya jukwaa, na alikuwa anatia kifungo.

"Saada!"

"Naam, mwalimu!" Akaruka na sindano ikamchoma.

"Umeyajua vipi yote hayo?"

"Nnayasikia tu, mwalimu. Usimwambie bibi."

Bibi yake alikuwa Bi Riziki wa Mkunazini, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mtaa mzima ulikuwa unamjua. Hakuwa mkali kwa makelele. Alikuwa mkali kwa utaratibu. Saada asingetoka nyumbani mpaka asimame mlangoni, bibi amhesabie kwa vidole: "Umeoga. Umevaa. Umekula. Umebakisha nini?" Na Saada alitakiwa kujibu, "Kuaga, bibi," kisha ndio anaaga. Kila siku, tangu alipoanza kusema. Majirani walikuwa wanaweka saa zao kwa "umebakisha nini" ya Bi Riziki.

Mwaka huo Mwalimu Khelef alisoma, katika gazeti la kigeni la zamani lililokuja pamoja na vitabu vya msaada, kwamba kuna nchi ambako wanafunzi wa sekondari wanaofanya maigizo wana chama chao cha kuwatukuza. Mtu haingii kwa kupigiwa makofi. Anaingia kwa kazi. Jambo hilo lilimkaa kichwani. Akaja na mpango wake kwenye karatasi: atakayewahi mazoezi, alama moja, atakayefagia jukwaa, alama moja, atakayeshika daftari, atakayeshona, atakayebeba viti, alama moja moja sawasawa na anayecheza mfalme. Ukifika alama kumi unavikwa utepe. Utepe nitaushona mimi kutoka kwenye pazia jekundu la zamani lililoliwa na panya.

"Kitaitwa Chama cha Heshima cha Wanafunzi wa Maigizo," akasema.

"Mwalimu, heshima kwetu sisi ni jengine," nikamwambia. "Watu watadhani tunawafundisha watoto kuamkia wakubwa."

"Ndiyo maana kuna maneno manne nyuma yake," akajibu. "Hayo ndiyo yatakayoeleza."

Barua ya kuomba ruhusa za wazee nilipewa mimi. Niliipiga taipu juu ya karatasi ya nta, nikaitia kwenye mashine ya kurudufu, ile ya kuzungusha kwa mkono. Jina lilikuwa refu, nikaligawa mistari miwili. Nta ilikuwa imejikunja pale kwenye mstari wa pili, wino haukupita. Nilipomaliza kuzungusha nikazitazama. Juu pameandikwa CHAMA CHA HESHIMA kwa herufi kubwa nzuri, na chini yake peupe. Kisha yanafuata maneno ya barua: mwanao amechaguliwa kujiunga na chama hiki, atabaki skuli baada ya masomo Jumatatu na Jumatano, tafadhali tia sahihi. Neno maigizo halikuwamo mahali popote.

Kengele ilikuwa imeshapigwa. Mwalimu Khelef keshakwenda zake. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi. Kuandika maneno manne kwa kalamu katika kila barua kungenichukua nusu saa. Nikasema, wataelewa tu. Nikazikunja.

Nusu saa, wanangu. Nimeshakaa na nusu saa ile miaka mingi kuliko yeyote kati yenu alivyoishi.

Barua zilirudi kesho yake, zote zina sahihi. Zote. Wazee ambao tulikunywa chai zao bure kwa miaka walikuwa wametia sahihi, tena kwa furaha. Baba mmoja aliandika chini, "Ahsanteni sana, mumtie adabu hasa." Mwalimu Khelef, na jicho lake lile, alizigeuza geuza karatasi akawa anaona sahihi tu. "Umeona, Bi Mize?" akaniambia. "Watu wamebadilika." Alikuwa na furaha ambayo sikupata kuiona kwake kabla. Sikumwambia.

Siku tatu baadaye Bi Riziki alikuja skuli mwenyewe. Aliingia darasani kwangu na buibui lake, kikapu mkononi, ndani yake halwa imefungwa vizuri.

"Shikamoo, Bi Riziki."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nimekuja kutoa shukurani." Akakaa, akapumua. "Mmefanya jambo la maana sana. Mtoto yule ulimi wake mwepesi, nami nshakuwa mtu mzima, sitakuwepo siku zote. Nliposoma Chama cha Heshima, wallahi nlilia. Sasa hebu nambie, wanafundishwa nini hasa?"

Palikuwa na glasi ya maji mezani. Niliichukua nikanywa. Nikanywa taratibu, mpaka chini, na yeye ananisubiri kwa adabu. Nilikuwa namwona Saada akilini, na kifungo chake. Nilijua nikisema neno moja, Saada atarudi kwenye sindano. Kengele ya kipindi ikalia nikiwa bado na glasi mdomoni. Bi Riziki akainuka, akasema, "Basi nsikuweke, una kazi," akaniachia halwa na kikapu chake.

Halwa ile niliwagawia walimu. Mimi sikuionja.

Mazoezi yakaanza. Sitakuelezeni sana, maana hizo ndizo wiki bora kabisa za kazi yangu na mtu hapendi kuyafukua yanayomuuma. Mwalimu Khelef aliandika mchezo wa kuchekesha juu ya bibi mmoja anayeandaa harusi ya mjukuu wake na kuwatia watu wote wazimu. Saada ndiye alicheza bibi. Alichukua miwani, kanga mbili na mkongojo, na kabla hajafungua mdomo ulikuwa unataka kumwamkia. Mwalimu Khelef alimwambia atafute namna ya bibi kuwatoa watoto nyumbani, kitu chake mwenyewe. Saada akafikiri kidogo, akanyanyua kidole. "Umeoga. Umevaa. Umekula. Umebakisha nini?" Mwalimu Khelef alicheka mpaka akavua kofia. Mimi nililiandika daftarini kwa mkono wangu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Ningeweza kusema siku hiyo. Ningeweza kusema wiki ya pili yake. Kila siku ilipopita ilikuwa ngumu zaidi kuliko ya jana yake, na alama za Saada zilifika kumi kabla ya mtu mwengine yeyote. Utepe wa kwanza nilioushona ulikuwa wake.

Wazee walialikwa kwenye hafla ya Chama cha Heshima. Kwanza mchezo, kisha kuvikwa tepe. Walikuja wote, wamevaa vizuri, wamejitia udi. Niliwachungulia kupitia tundu la pazia. Bi Riziki alikaa safu ya mbele kabisa, katikati, mikono juu ya mapaja, anasubiri kuona mtoto wake alivyofunzwa.

Pazia likafunguliwa. Wazee walipowaona watoto wao wa kike juu ya jukwaa palipita mnong'ono, lakini mchezo ulikuwa wa kuchekesha, na mtu akishacheka ni tabu kuinuka. Saada akaingia na mkongojo wake. Kicheko kikaanza nyuma kikaja mbele. Watu wa Mkunazini waliokuwamo wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, kumtazama Bi Riziki. Yeye hakucheka wala hakununa. Alikuwa anatazama tu.

Tukafika pale. Mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyecheza mjukuu akasimama mlangoni. Saada akanyanyua kidole.

"Umeoga," akasema. "Umevaa. Umekula."

Hapo macho yake yakakutana na ya bibi yake. Nikaona yamepanda juu, kwenye mapaa.

Nikamtilia neno. "Umebakisha." Hakusikia. Nikalitia tena, lakini koo langu lilikuwa kavu, na lililotoka halikuwa neno. Saada alisimama na kidole hewani, na mimi neno lake nilikuwa nalo mkononi, nimeliandika mwenyewe, na sikuweza kumfikishia.

Sauti ikatoka safu ya mbele, haikuwa kubwa.

"Umebakisha nini?"

Mpaka leo sijui kama Bi Riziki alikusudia, au ulimi ulikwenda wenyewe kwa mazoea. Ukumbi ulipasuka kwa makofi. Yule mtoto wa Kidato cha Kwanza akawatazama mabibi wawili, hajui amjibu yupi, akasema katikati yao, "Kuaga, bibi."

Bi Riziki akasimama, akaliweka sawa buibui lake.

"Haya, Saada," akasema. "Aga."

Saada alivua miwani. Alivua kanga, akazikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama nilivyomfundisha, akaziweka juu ya kiti na mkongojo juu yake. Akawageukia watu, akasema, "Kwaherini." Akateremka. Bibi akamshika mkono, wakapita katikati ya ukumbi wakatoka kwa mlango mkubwa. Na watu walikuwa wanapiga makofi, wanapiga vigelegele, wakidhani ndivyo mchezo ulivyotungwa.

Mwalimu Khelef akaja nyuma ya pazia. "Bi Mize, hiyo haimo daftarini."

"Haimo," nikasema. Nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka kwenda kuwavisha watoto tepe, kwa sababu walikuwa wanangoja.

Kikao cha wazee kilifanyika wiki iliyofuata na kilikuwa kikali. Tulisemwa, na tulistahili kusemwa. Mwalimu Mkuu alitaka kukifunga chama siku hiyo hiyo. Kilichokiokoa ni yule baba aliyetaka mwanawe atiwe adabu. Alisimama akasema kuwa mwanawe, tangu kuanza kutafuta hizo alama, anaamka mwenyewe, anafagia ua, na anafika kwa wakati. Yeye habari ya mchezo haijui, lakini heshima ameiona. Mama mmoja akasema vivyo hivyo. Wakabishana sana, na mwisho wakakubaliana jambo moja tu: chama kibaki, na jina libaki fupi kama lilivyo kwenye barua, maana ndilo walilolitilia sahihi. Hivyo ndivyo mlivyopata jina lenu. Limetokana na nta iliyojikunja.

Kwa Bi Riziki nilikwenda mwenyewe, nikamrudishia kikapu chake. Alinikaribisha, akanipa chai. Nilimwomba radhi. Nilimwomba amrejeshe Saada, hata nyuma ya pazia, hata kwenye sindano.

"Kuniiga si kitu," akasema. "Mimi nshaigwa na watu wengi, wengine wabaya kuliko yeye. Yeye kaniiga vizuri." Akanyamaza kidogo, na hapo nilijua ni kimya cha makusudi, maana alikuwa ananitazama machoni. "Lakini mimi nlikuuliza wewe, mwalimu. Kwa mdomo wangu. Na wewe ukanywa maji."

Nikakiweka chini kikombe cha chai.

"Ungenambia, pengine ningekataa," akasema. "Pengine ningekubali. Sasa hatutajua, mimi wala wewe wala yeye."

Saada alimaliza skuli na hakupanda tena jukwaani. Bi Riziki alifariki miaka michache baadaye, nikaenda kuzika, nikakaa nyuma. Mwalimu Khelef naye keshatangulia. Utepe wa kwanza niliuweka kwenye mtoto wa meza ya cherehani, droo ile, chini ya sindano, na kila nilipotafuta sindano niliuona. Niliendelea kushika daftari mpaka kustaafu. Niliwatilia maneno mamia ya watoto, hata wasioyahitaji. Nyinyi mmesikia kwamba Bi Mize hakuwahi kumwacha mchezaji akwame. Sasa mnajua kwa nini.

Nnachoka, lakini nimebakisha kidogo.

Mwezi uliopita, siku ya Ijumaa, nilisikia hodi. Alikuwa mwanamke mtu mzima, amevaa sare ya hoteli chini ya buibui. Nilimjua kwa vidole kabla ya uso. Saada anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja huko Kendwa, huja mjini moja kwa moja akitoka zamu. Binti yake yuko Kidato cha Pili hapo skuli, jina lake Riziki. Mnamjua, ni yule anayefagia jukwaa bila ya kuambiwa.

Aliniamkia, akakaa, akatoa karatasi kwenye mkoba. Ilikuwa barua yenu. Imepigwa kwa kompyuta, ina nembo ya rangi, na juu yake imeandikwa CHAMA CHA HESHIMA. Chini yake peupe. Kisha, mwanao amechaguliwa, atabaki skuli baada ya masomo, tafadhali tia sahihi.

Akaiweka mezani kati yetu, pembeni mwa glasi yangu ya maji ya dawa.

"Mwalimu," akasema, "nimekuja kukuuliza. Hiki chama, wanafundishwa nini hasa?"

Alikuwa na sauti ile ile. Wala sisemi ya Saada, nasema ya bibi yake, na kile kituo chake kidogo kabla ya "hasa." Niliitazama glasi. Sikuigusa.

"Maigizo," nikasema.

"Nnajua, mwalimu," akasema. "Nlitaka kukusikia."

Tulilia kidogo, watu wazima wawili, kisha tukacheka kidogo. Nikamtolea utepe wake. Aliugeuza, akautazama upande wa ndani, akasema pindo nimelishona ovyo, na kweli. Akautia kwenye mkoba. Halafu akachukua kalamu, na kabla ya kutia sahihi aliandika pale penye weupe, polepole, kwa mwandiko mzuri.

Barua ile anayo katibu wenu, iko kwenye faili la Riziki. Nendeni mkaitazame. Chini ya jina la chama mtaona maneno manne kwa wino wa buluu: cha Wanafunzi wa Maigizo. Hiyo ndiyo asili mnayoitafuta. Barua zilizobaki chapisheni upya, na kama mashine itayakataa maneno hayo, kaeni nusu saa muyaandike kwa mkono.